Swali la Yasini kwenye kikundi cha ukoo

*Ukoo wa Ngamiani*

Rama (Dar): Shikamooni wakubwa. Mwanangu Yasini kapewa kazi shuleni, aandike ukurasa mmoja kuhusu timu ya mkoa wanakotoka wazee wake. Mimi nimekulia huku Temeke, naijua Yanga tu. Nisaidieni Coastal Union ya Tanga.

Mama Zai: Marahaba baba. Mjomba Shabani bado yuko msikitini. Akirudi, simu yako itajaa 😄

Dada Mwana: Aanze na 1948, mwaka Coastal ilipoanzishwa. Makao barabara ya 11, Ngamiani. Uwanja Mkwakwani. Jina la utani Wagosi wa Kaya.

Shangazi Tunu: Na barabara ya 12 kuna African Sports, Wana Kimanumanu, wakubwa kwa umri. Msimfundishe mtoto nusu ya mji.

Dada Mwana: Shangazi, swali ni timu moja.

Shangazi Tunu: Tanga hakuna Coastal bila African Sports. Muulizeni Bibi.

Mama Zai: Bibi niko naye hapa. Anasema niandike hivi: siku Coastal wakikutana na African Sports, yeye alikuwa akikaanga kachori na mihogo mara mbili ya siku zote, karai halipoi tangu asubuhi. Na marehemu babu na mdogo wake, nyumba moja, sahani moja, walikuwa hawasemezani mpaka Jumatatu.

Mjomba Shabani: Assalaam alaykum. Rama, marahaba. Mwaka wa kuandika kwa herufi kubwa ni 1988. COASTAL UNION BINGWA WA TANZANIA BARA. Kombe lilizoea Dar es Salaam lile. 1986 Tukuyu Stars wa Rungwe walilichukua wakiwa ndio kwanza wamepanda daraja, 1987 Yanga, kisha sisi.

Mjomba Shabani: Tulikuwa tunafuata mechi za nje ya Tanga kwa redio, RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio ya baba ilikula betri nne. Zikichoka tunazianika juu ya bati tangu saa nne, ili jioni zivute mpaka filimbi ya mwisho. Akitajwa Juma Mgunda ana mpira, nyumba nzima inasimama.

Rama (Dar): Mgunda huyu aliyeifundisha Simba?

Mjomba Shabani: Huyo huyo. Kaichezea Coastal, kaifundisha Coastal, Simba wakaja kumchukua Septemba 2022.

Zai: Mwambieni Yasini Alikiba naye alisajiliwa Coastal, 2018! Darasa zima litamsikiliza 🔥

Mjomba Shabani: Ni kweli, ila isiwe ndiyo habari yenyewe. Habari ni kwamba mwaka ule tulikuwa tunarudi Ligi Kuu.

Rama (Dar): Tunarudi kutoka wapi?

Dada Mwana: Mjomba, hapo tupaache. Mtoto anaandika sifa za kwao.

Mjomba Shabani: Hapana Mwana, hapo ndipo penyewe. Rama, sikiliza. Msimu wa 2015/16 Tanga tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Zilizoshuka msimu ule ni tatu, na zote tatu ni za kwetu. Mkoa mzima ukabaki bila timu.

Shangazi Tunu: Nililia mimi. African Sports walikuwa ndio kwanza wamepanda.

Mjomba Shabani: Na wale wa kofia na skafu za siku ya fainali hukuwaona tena. Lakini misimu miwili tuliyokaa chini, watu wa barabara ya 11 walikuwa wanakwenda Mkwakwani vilevile. Mzee mwenye fimbo, fundi cherehani, vijana wa bandarini. Simba na Yanga hata zikifungwa zina nchi nzima ya kuzililia. Coastal ikishuka, kama sisi hatukwenda, nani ataiendea? Yasini asipoandika hilo, kaandika tarehe tu.

Rama (Dar): Nimelinakili lote Mjomba.

Zai: Na fainali ya Kombe la Shirikisho 2022, Arusha! Mshambuliaji wetu Sopu peke yake mabao matatu dhidi ya Yanga. 3-3 mpaka dakika za nyongeza zinakwisha. Penalti ndizo zilizotuua, 4-1.

Mama Zai: Usiku ule hapa hakuna aliyekula.

Dada Mwana: Aongeze msimu wa 2023/24. Tulimaliza nafasi ya 4, nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Kipa Ley Matampi alitoka mechi 15 bila kufungwa. Tukaenda Kombe la Shirikisho la Afrika, Bravos do Maquis wa Angola wakatutoa: 3-0 kwao, Chamazi 0-0.

Rama (Dar): Yasini yuko hapa ananisomea juu ya bega. Anauliza, kama beki Mwamnyeto ni wa Coastal, mbona yuko Yanga?

Mjomba Shabani: Swali la mtu mzima hilo. Mwambie Bakari Mwamnyeto alikomaa akiwa Coastal, Yanga wakamchukua 2020, akawa nahodha wao. Sopu naye baada ya fainali ile akaenda Azam. Sisi tunalea, wenye pesa wanavuna. Inauma kila dirisha la usajili, lakini mwaka unaofuata anatokea kijana mwingine.

Rama (Dar): Anasema anataka kuja kuiona Mkwakwani likizo.

Mjomba Shabani: Mlete. Nitakaa naye mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini, jukwaa kuu watu wanatazama simu.

Shangazi Tunu: Akija, siku moja Coastal, siku moja African Sports. Hilo sina mjadala nalo.

Mjomba Shabani: Sawa dada. Lakini jezi namnunulia mimi.

Shangazi Tunu: Na mimi nanunua yangu. Rama, nitumie saizi yake.