Bia za Krismasi za Ubelgiji: Gouden Carolus, N'Ice Chouffe, Delirium au St. Bernardus?

Mkazi_wa_Leuven
Wakuu, salaam. Baridi imeshika na rafu za maduka huku Ubelgiji zimejaa bia za Krismasi. Nataka kuchagua mbili za kuweka mezani usiku wa mkesha. Wageni wangu wamekulia kwenye pilau na mchuzi wa nazi, wanajua viungo. Bia inayojinadi kwa viungo halafu mdomoni ni sukari tupu, wataikataa kwenye funda la kwanza. Nimeonja nne, zote nzito:

Gouden Carolus Christmas, asilimia 10.5, ya kiwanda cha Het Anker, Mechelen. Ni nyekundu iliyokaribia weusi. Wanaipika Agosti na kuiacha itulie hadi majira ya baridi. Ndani yake kuna aina tatu za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na aina sita za viungo. Puani inaanza anisi na urukususu, halafu zabibu kavu, halafu utamu mzito kama wa sukari guru. Viungo vimezama ndani ya kimea, huwezi kukitenga kimoja ukasema ni hiki. Kwangu hii ndiyo ya kwanza.

St. Bernardus Christmas Ale, asilimia 10, kutoka Watou, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa. Tende, ndizi iliyoiva sana, na karafuu ya wazi. Povu lake linakaa mpaka mwisho wa glasi.

N'Ice Chouffe, asilimia 10, ya Achouffe kule Ardennes. Imetiwa thaimu, yale majani ya kiungo, na maganda ya machungwa ya Curaçao. Thaimu niliisikia mno, kana kwamba nimefungua chupa ya dawa ya kikohozi.

Delirium Christmas, asilimia 10, ya Huyghe pale Melle, ile ya tembo wa rangi ya waridi. Karameli, pilipili manga kidogo, na kilevi kinachopanda puani. Inachangamsha, lakini glasi moja inatosha.

Mnasemaje? Na ile karafuu ya St. Bernardus, kuna anayejua inavyokuja?

MwanaKatanga
Ndugu, miye naishi Liège, na N'Ice Chouffe sikuachii hivihivi. Uliinywa ikiwa na joto gani? Ikitoka kwenye friji moja kwa moja, utamu wa kimea unalala na thaimu inabaki peke yake. Iache mezani hadi ifike nyuzi 10 au 12, utaona machungwa yanakuja mbele na ile dawa yako ya kikohozi inaondoka. Halafu inywe na nyama. Ardennes ni nchi ya misitu na wawindaji. Wanapika ngiri na paa kwa thaimu hiyohiyo, na bia imetungwa na watu wanaokula hivyo. Mimi naiweka na mbuzi wa kuchemshwa polepole na kitunguu kingi. Bila chakula, hata mimi nisingeimaliza.

Mkazi_wa_Leuven
Kweli ilikuwa baridi, nilizitoa zote kwenye friji pamoja. Nitairudia na nyama.

Kimea_na_Hamira
Kuhusu karafuu, ngoja nieleze maana nawapikia watu bia nyumbani na swali hili linakuja kila mwaka. Harufu ya karafuu peke yake si ushahidi kwamba karafuu imetiwa. Hamira nyingi za Ubelgiji zinachukua asidi ya feruliki iliyomo kwenye nafaka na kuigeuza kuwa kitu kinachoitwa 4-vinili gwayakoli, nacho kinanukia karafuu na pilipili. Ndizi nayo inatokana na hamira, kupitia isoamili asetati. Mtu asiyeamini anunue Westmalle Tripel, bia isiyotiwa kiungo chochote, ainuse taratibu.

Kwa hiyo mpishi wa bia ya Krismasi anaanza kazi akiwa na chungu ambacho hamira imeshakitia viungo. Akiongeza giligilani, mdalasini na anisi bila kipimo, anaifunika hamira na bia zote zinafanana, kama keki za duka moja. Mpishi mzuri anasikiliza hamira imesema nini, ndipo anaongeza kidogo. Ndiyo maana nakubaliana nawe kuhusu Gouden Carolus. Delirium naiona imeegemea zaidi kwenye sukari.

Sukari yenyewe msiidharau. Wabelgiji wanatia sukari makusudi: hamira inaila yote, kilevi kinapanda, na bia haigeuki uji. Bia ya asilimia 10 kwa kimea kitupu ingekuwa nzito kupita kiasi.

BintiMkoani
Mimi sinywi pombe, nimevutwa na neno karafuu tu. Sisi Pemba tunaichuma, tunaianika kwenye majamvi, tunaijua. Karafuu halisi ukiitafuna ulimi unakufa ganzi. Ndiyo wazee wanaiweka kwenye jino linalouma. Je, hiyo ya kwenye bia inafanya hivyo?

Kimea_na_Hamira
Hapana, dada. Ganzi inaletwa na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Hiki cha hamira ni ndugu yake wa karibu kwa harufu, na kinakuwemo kwa kiasi kidogo mno, hakiwezi kugusa ulimi hivyo. Hata bia iliyotiwa karafuu zenyewe inatiwa chache sana. Asante kwa swali, limenisaidia kueleza vizuri zaidi.

Otieno_Antwerp
Mmesahau nyingine kubwa. Stille Nacht ya De Dolle Brouwers, kijiji cha Esen, asilimia 12: hiyo ni ya kukaa na mtu mmoja na chupa moja jioni nzima. Bush de Noël ya Dubuisson, Pipaix, nayo 12. Na kwa asiyependa viungo kabisa kuna Avec les Bons Voeux ya Dupont, asilimia 9.5, nyeupe ya dhahabu na kavu. Ilianza 1970 kama zawadi ya mwaka mpya kwa wateja wa kiwanda. Watu wanadhani bia ya Krismasi lazima iwe nyeusi na mdalasini. Hakuna sheria hiyo. Kila kiwanda kinajipikia kinavyopenda.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, nenda kwenye tamasha la bia za Krismasi la Essen, hapa mkoa wa Antwerp, mwezi Desemba. Wanamimina vipimo vidogo, kwa hiyo unaonja bila kulewa.

Mama_Tervuren
Na tukumbuke kuhesabu. Chupa moja ya sentilita 33 ya asilimia 10 ni sawa na chupa mbili za bia ya kawaida ya asilimia 5. Wageni wanaoendesha gari waambiwe mapema, au chupa moja igawanywe kwa watu watatu. Mimi nafanya hivyo, na hakuna anayelalamika maana bia hizi si za kukata kiu.

Kwa upande wa chakula: pilau haipendi bia tamu sana. Iliki na bizari nyembamba zinagongana na karameli. Kwa pilau ningetoa hiyo ya Dupont aliyotaja kaka Otieno. Gouden Carolus iweke mwisho, na jibini iliyokomaa au spekulosi, zile biskuti za mdalasini za Mtakatifu Nikolasi.

MwanaKatanga
Mama amesema vema. Hata Bruges, kabla hopsi hazijaenea, bia zilitiwa mchanganyiko wa majani ulioitwa gruti, na familia iliyokuwa na haki ya kuuza mchanganyiko huo ilitajirika ikajenga jumba la Gruuthuse, ambalo sasa ni makumbusho. Viungo ndani ya bia ni jambo la kale huku.

Mkazi_wa_Leuven
Nimeshawishika. Bons Voeux na pilau, Gouden Carolus baada ya chakula. N'Ice Chouffe nitaiweka siku ya mbuzi. Swali la mwisho: nina St. Bernardus moja imebaki, niinywe sasa au niitunze?

Kimea_na_Hamira
Itunze ikiwa imesimama, gizani, mahali pa baridi pasipobadilika joto. Hamira ipo ndani ya chupa, itaendelea kuibadilisha: tende na plamu kavu zitaongezeka, harufu ya viungo itafifia. Ukiipenda kwa ile karafuu, inywe mwaka huu. Na unapomimina bakiza bia ya kimo cha kidole kimoja ndani ya chupa, machicha ya hamira yaliyotuama yasichafue glasi.

Otieno_Antwerp
Mimi hayo machicha nayanywa mwishoni kwenye kikombe kidogo. Yana ladha ya mkate.