Gridi ya Kelly: mteja haendi zaidi ya "mzuri" na "mbaya"

Mshauri_Ujiji: Wadau, habari za jioni. Natumia gridi ya George Kelly, mwanasaikolojia wa Marekani, kwenye ushauri nasaha hapa Kigoma; ni njia ya kujua mteja anawapima watu kwa maneno gani yake mwenyewe. Nikimpa mteja kadi tatu za watu anaowafahamu na kuuliza wawili wanafanana kwa lipi linalowatofautisha na wa tatu, napata "wazuri" na "mbaya" basi. Tatizo liko wapi?

Ngambo_Tabora: Akisema "mzuri", usiandike bado. Muulize: anafanya nini hadi umwite mzuri? Atafika kwenye kitu kama "anauliza kabla ya kuamua". Halafu ncha ya pili, yaani upande anaouona kuwa kinyume cha huo, aitaje mwenyewe, usimwekee kinyume cha kamusi. Kuna mtu ambaye kwake kinyume cha "mpole" ni "anayesikilizwa". Ukimwandikia "mkali" umefuta hasa kile kinachomtesa. Kadi 8 hadi 12 zinatosha, ikiwemo yeye mwenyewe na vile anavyotamani kuwa.

Mama_Nasaha: Naunga mkono. Ukishapata jozi ya pande hizo mbili, panda ngazi kama alivyofundisha Hinkle, mwanafunzi wa Kelly (1965): angependa kuwa upande upi, na kwa nini? Rudia "kwa nini" taratibu. Akianza kujirudia, umefika juu.

Mshauri_Ujiji: Asanteni sana. Na lile zoezi la Kelly la mteja kuigiza mhusika wa kubuni?

Ngambo_Tabora: Subiri kwanza mteja aandike kujihusu kana kwamba anayeandika ni rafiki wa karibu anayemwonea huruma. Ndipo umtungie mhusika mwenye jina jingine, amwigize kama wiki 2, mkikutana mara kwa mara. Wengi huharibu kwa kuandika kinyume chake: mwoga anapewa ujasiri, anashindwa siku ya kwanza mbele ya wakwe. Mpe mwelekeo wa pembeni, mfano mtu anayependa kujua wenzake wanaonaje mambo.