Nina mimba ya wiki 14 na nimepata kazi nyingine, nikihama likizo ya uzazi nitalipwa?

binti_wa_Temeke
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana usingizi umekata kabisa. Nipo kampuni moja hapa Dar mwaka wa nne sasa, mhasibu, napokea 850,000. Wiki iliyopita nimepata ofa sehemu nyingine, 1,200,000, wanataka nianze tarehe 1 Juni. Shida nina mimba ya wiki 14, kadi ya kliniki imeandikwa natarajia 20 Oktoba, na kwenye intavyuu sikusema kitu maana tumbo lenyewe bado halionekani. Barua ya ofa ipo kwenye pochi siku ya tano leo, naitoa naisoma naikunja narudisha. Nikihama hawa wapya watanilipa likizo ya uzazi au ndo nimejikosesha? Mume anasema hama, mama anasema tulia uzae kwanza.

mama_pacha
Hongera mdogo wangu. Usisaini kabla hujahesabu miezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo yenye malipo, ukijifungua zaidi ya mmoja siku 100 (mimi hizo nimezila), lakini kifungu cha 29 kinasema aliye chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo ya malipo. Wewe 1 Juni mpaka 20 Oktoba hata miezi 5 haifiki, na ile miaka yako ya huko ulipo huhami nayo, kwa mwajiri mpya unaanza moja. Sasa piga hesabu, ukibaki siku 84 ni kama milioni 2.3 unalipwa umekaa na mwanao, ukihama nyongeza ya 350,000 mpaka Oktoba ni kama 1.6 tu halafu likizo huna senti. Ila ukirudi kazini lile pengo unalifidia ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo swali ni je mna akiba ya kuvuka hapo katikati?

mdau_HR
Mama pacha kasema kweli ila miezi 6 ni kiwango cha chini, mwajiri haruhusiwi kushuka chini ya sheria lakini kupanda juu anaruhusiwa. Omba wakuandikie kwenye mkataba kwamba likizo ya uzazi italipwa hata kabla ya miezi 6. Maneno ya mdomo hapana dada, nimeona watu wanalia. Wakikataa waombe uanze Januari, kama wanakutaka kweli watasubiri. Usiogope kusema una mimba, sheria inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito hata akiwa bado mwombaji wa kazi. Ila jua pia chini ya miezi 6 huwezi kudai umeachishwa kazi isivyo haki, utabaki na hoja ya ubaguzi peke yake. Na popote utakapokuwa, taarifa ya likizo pamoja na cheti cha daktari itolewe miezi 3 kabla, yaani kwako isipite 20 Julai.

Nasra_Mbeya
Jamani mbona hakuna aliyetaja NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii tunaokatwa kila mwezi?? Fao la uzazi linafuata michango yako sio mwajiri, ukishafikisha michango ya miezi 36 na 12 kati ya hiyo iwe ya karibuni unalipwa wiki 12. Mimi nilihama nikiwa na mimba ya miezi 4, kwa mwajiri mpya nikaambiwa likizo nenda ila bila mshahara, nilikuwa nimebakiza siku 19 tu kufika miezi 6, nililia chooni pale ofisini mpaka macho yakavimba. Fao ndo lililonunua maziwa na kulipa kodi ya nyumba. Ila kwanza nenda ofisi ya NSSF wakutolee taarifa ya michango yako, mwenzangu mmoja alikuta mwajiri anamkata kila mwezi na miezi 11 haijapelekwa.

binti_wa_Temeke
Asanteni sana mmenifungua macho, hilo la NSSF sikulijua kabisa. Nimewaandikia leo hii kwamba ni mjamzito, na nimeomba mawili, ama likizo iandikwe kwenye mkataba ama nianze Januari. Kesho asubuhi naenda kuchukua taarifa ya michango. Barua ya kuacha kazi siandiki mpaka wanijibu kwa maandishi.