Ulemavu na foleni za bustani za burudani: nani aamue kwamba huwezi kusubiri?

Mleta mada

Wadau, salaam. Naleta jambo ambalo kila likiguswa huwagawa watu, na kinachoniuma ni kwamba mara nyingi wanaorushiana maneno ni watu wenye ulemavu wenyewe kwa wenyewe.

Swali ni hili: zile bustani kubwa za burudani, ambako unapanga foleni saa nzima kwa mchezo wa dakika tatu, zina haki ya kuamua ulemavu upi unastahili kusubiri nje ya foleni na upi haustahili?

Nianze na utaratibu, maana nusu ya ugomvi hutokana na kutoujua. Kadi ya ulemavu katika bustani nyingi haimpitishi mtu mbele ya wenzake. Inampa muda wa kurudi. Foleni ikiwa ya dakika 70, unaambiwa urudi baada ya muda kama huo, na ukirudi unaingia kwa njia fupi. Umesubiri kama wengine. Tofauti ni kwamba wewe umesubiri umekaa kivulini, au karibu na choo, au mbali na kelele.

Disney, kampuni ya Marekani yenye bustani kubwa za burudani, walianza hivyo Oktoba 2013. Kabla ya hapo walikuwa na kadi iliyompa mwenye ulemavu njia ya mkato kwenye michezo mingi. Waliifuta miezi michache baada ya magazeti ya Marekani kuandika kwamba familia tajiri za New York zilikuwa zikikodi watu wenye ulemavu wajifanye jamaa zao wa siku moja, ili watoto wao wasipange foleni. Mwaka 2024 wakabana tena. Kuanzia Mei huko Florida na Juni huko California, huduma hiyo inawalenga watu ambao, kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji kama usonji au hali inayofanana nao, hawawezi kukaa kwenye foleni ya kawaida kwa muda mrefu. Unahojiwa kwa video, na ukibainika umedanganya unaweza kupigwa marufuku ya kudumu ya kuingia. Watu wenye magonjwa ya muda mrefu ambao miaka yote walikuwa wakiipata, wengi wao walijikuta nje.

Sasa yangu. Nina ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa utumbo usiopona. Ukinitazama huoni kitu. Katika bustani moja ambayo sitaitaja niliomba kadi nikakataliwa. Nikaambiwa, ukibanwa toka kwenye foleni, nenda msalani, kisha urudi ulipokuwa umesimama. Nilikuwa na binti yangu wa miaka saba, wawili tu. Nikauliza: nikitoka, mtoto namwachia nani? Mhudumu akanyamaza kidogo, kisha akairudia sentensi ileile neno kwa neno. Basi kila nilipobanwa tulitoka wote wawili, tukapoteza nafasi, tukaanza upya. Mara ya tatu sikuwahi. Binti yangu akavua sweta lake na kunifunga kiunoni bila kuambiwa na mtu. Sijarudi tena kwenye bustani yoyote tangu siku ile.

Msimamo wangu: mhudumu asiulize una ugonjwa gani. Aulize foleni inakufanya nini. Usonji wa mtu mmoja unamruhusu kusimama saa mbili akiwa na vifaa vya kuziba masikio, na kifafa cha mwingine hakimruhusu kusimama juani hata nusu saa. Jina la ugonjwa halikuambii lolote kati ya hayo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Karibuni, na wenye mawazo tofauti msisite.


Mchangiaji wa kwanza (aliwahi kusimamia michezo bustanini)

Pole sana kwa yaliyokukuta, nasema kwa moyo. Lakini nimesimama mlangoni misimu mitatu, na naomba mnisikilize upande wa pili.

Njia fupi ina ukubwa wake. Tuseme mchezo unapakia watu 1,000 kwa saa. Kila anayeingia kwa njia fupi, huko kwenye foleni ndefu kuna mtu anasukumwa nyuma. Wakiwa wachache hakuna anayehisi. Wakiwa wengi, foleni ya kawaida inasimama kabisa, na njia fupi nayo inageuka foleni, kisha mtoto mwenye usonji ambaye kadi ilitungwa kwa ajili yake anajikuta kwenye msongamano uleule aliokuwa akiukimbia. Disney wenyewe walieleza mwaka 2024 kwamba matumizi ya huduma hiyo yalikuwa yameongezeka mara tatu ndani ya miaka mitano. Hapo ungefanyaje?

Na wadanganyifu wapo, tusifichane. Nimeona watu wanafundishana mtandaoni maneno ya kusema kwenye mahojiano. Ukiacha "foleni inakufanya nini" iwe swali pekee, atakayepata kadi ni mwenye ulimi mwepesi. Atakayekosa ni yule anayeona haya kusimulia ugonjwa wake mbele ya mgeni.

Tena kisheria, sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inadai marekebisho yenye maana. Haijaahidi kila mtu apate anachoomba. Kijana mwenye usonji na mama yake walipoishitaki Disney wakitaka apewe pasi za kuingia bila kusubiri, mahakama ya Orlando iliamua mwaka 2020 kwamba ombi hilo si la lazima na lingeharibu mfumo mzima wa biashara ile.


Mleta mada

Ndugu, hoja ya msongamano naikubali, ni hesabu na hesabu haina huruma. Ninachokataa ni kuwa msongamano huo umeletwa na wenye ulemavu.

Ile njia fupi inauzwa. Zamani pasi za haraka za Disney zilikuwa bure kwa kila mgeni. Zikafutwa, na mwaka 2021 ukaja mfumo wa kulipia. Oktoba 2024, miezi michache tu baada ya kubana kadi za ulemavu, wakaleta pasi ya daraja la juu huko Florida kwa bei kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku, kutegemea bustani na tarehe. Mwenye pasi hiyo anaingia kwenye mlango uleule mfupi, saa yoyote aitakayo, wala hapangiwi muda wa kurudi. Mwenye pesa hahojiwi kwa video.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo kule nilikokataliwa: "Unaweza kununua pasi." Yaani utumbo wangu uligeuka sababu ya kuniuzia. Kama nafasi kwenye njia fupi ni chache, basi igawiwe kwanza kwa asiyeweza kusimama, kinachobaki ndicho kiuzwe. Sasa hivi mambo yamepinduliwa, na sisi tunapigania makombo huku tukitazamana kwa shaka, nani mgonjwa kweli na nani mwongo.

Kuhusu wenye ulimi mwepesi: ndiyo, watakuwepo. Lakini hata karatasi ya daktari haiwazuii. Zipo bustani za Marekani zinazomtaka mgeni ajisajili kwanza kwa taasisi ya nje na kupakia uthibitisho wa daktari. Mwenye bima nzuri na daktari wake wa miaka yote anaipata kwa siku moja. Anayehangaika miezi kupata hata jina la ugonjwa wake anabaki mlangoni.


Mchangiaji wa pili (anatumia kiti mwendo)

Nimewasoma wote. Niwaambie ukweli, mnajadili foleni kama vile mwisho wa foleni kuna kitu ambacho sote tutapanda.

Mimi foleni kwangu si tatizo kubwa. Nimekaa tayari! Tatizo langu linaanza pale foleni inapoisha. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika Machi 2012 zinataka kila mchezo mpya wa kudumu uwe na angalau nafasi moja ya kiti mwendo, au kiti unachoweza kuhamia, au kifaa cha kukuhamishia. Sikilizeni neno "kuhamia". Michezo mingi mikubwa inataka niinuke, nijivute kwa mikono, nigeuke na kukaa kwenye kiti kilicho chini zaidi ya changu, huku watu mia wananitazama na wahudumu wamekatazwa kunigusa. Nikishindwa, ndiyo nimetoka. Ipo michezo iliyofanya vizuri: ile mashua ya wanasesere wanaoimba ya Disney ina boti ambamo unaingia na kiti chako. Unaingia, unaondoka na wenzako, basi. Inawezekana wakitaka.

Halafu kuna usalama, na hapa nataka tuwe waangalifu maana pande zote mbili zina watu walioumia. Mwaka 2011, kwenye bustani ya Darien Lake katika jimbo la New York, askari aliyepoteza miguu yote miwili vitani Iraq alirushwa nje ya rolakosta, yaani kigari cha mchezo kinachokimbia kasi kwenye reli za juu, akafariki. Masharti ya mchezo yalitaka mtu awe na miguu yote miwili, kwa sababu kizuizi cha kiti kilikuwa kinakaza mapajani. Wahudumu wakamruhusu. Ninaamini walimruhusu kwa wema. Wema ule ndio uliomuua, na tangu nisome habari ile sijawahi kumgombeza mhudumu anayeniambia hapana na akanieleza kwa nini.

Lakini "kwa nini" lazima iwepo. Mtu aliyezaliwa bila mikono alizuiwa kupanda mchezo wa maji kwenye bustani moja ya Universal huko Florida, kwa sababu mwongozo wa mtengenezaji ulitaka abiria awe na mkono wa kushikia. Bustani ikajitetea kwamba sheria ya jimbo inawalazimisha kufuata mwongozo. Mahakama ya rufaa mwaka 2023 ikasema kinga hiyo haitoshi: lazima ionyeshwe kuwa sharti lenyewe ni la lazima kwa usalama wa kweli, si kwamba limeandikwa tu. Kwa wale wa Darien Lake sababu ilikuwepo, kizuizi kilihitaji mapaja. Kwa huyu, mtengenezaji aliandika "mkono" labda bila kuwaza kwamba kuna mtu anayeishi bila mikono na anajua kujishikilia kwa njia zake. Mjadala ninaoutaka mimi ni huu: nani alikuwa chumbani wakati mchezo unachorwa?


Mchangiaji wa tatu

Kwa nini zisijengwe bustani zetu wenyewe? Kule San Antonio, Texas, ipo Morgan's Wonderland, ilifunguliwa mwaka 2010 na mzazi aliyeona watoto wengine wakimkimbia binti yake mwenye ulemavu kwenye bwawa la kuogelea. Mwenye ulemavu haingii kwa kiingilio, bure kabisa. Mwaka 2017 wakaongeza bustani ya maji yenye viti mwendo vinavyoendeshwa kwa hewa iliyogandamizwa, kwa kuwa betri na maji haviendani. Kuliko kubembeleza makampuni.


Mchangiaji wa pili

Dada, nami naipenda sana ile bustani, hasa vile viti. Lakini hata wao hawakuijenga kwa ajili yetu peke yetu, na wasio na ulemavu wanakaribishwa kwa kulipa. Mimi nina wapwa wanne. Nikienda kwenye bustani ya ulemavu, wao wamenisindikiza. Nikienda kwenye bustani ya watu wote, tumetoka pamoja. Hicho ndicho ninachokitaka, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 30, unasema hivyo kuhusu burudani na michezo ya watoto: kwa usawa na wengine.


Mleta mada

Ndugu wa kiti mwendo, umenigeuza kwenye jambo moja. Nilikuja hapa nikidhani kadi ndiyo mlango wote. Naona sasa nimekuwa nikigombania kufika mahali ambapo wewe ukifika unarudishwa.

Na wewe uliyesimama mlangoni, nakubali kundi linaloingia na mwenye kadi liwe dogo, wanne watano, wasije ukoo mzima. Nakubali pia mtu apewe mchezo mmoja kwa wakati. Nisichokubali ni ile orodha ya magonjwa. Ila nina swali kwako, usinijibu kama hutaki. Ile sentensi niliyorudiwa mara mbili, mlikuwa mmeandikiwa?


Mchangiaji wa kwanza

Tulikuwa tumeandikiwa. Nami nimeisema mara nyingi, na tulikatazwa kuongeza neno, wakihofia tutatoa ahadi. Mtoto mdogo abaki na nani foleni, hilo halikuwemo kwenye karatasi yetu.

Siku moja alikuja mama mwenye mtoto wa rika la binti yako. Nilimwonyesha benchi karibu na vyoo, nikamwandikia saa kwenye kipande cha karatasi na jina la mchezo, nikamwambia akirudi anitafute mimi. Msimamizi akaniita jioni ile, nikaonywa kwa maandishi. Bado naamini kadi zikitolewa ovyo njia itajaa, na sijabadili hilo. Lakini kwa yule mama ningeandika saa tena.