Giligilani yangu inakimbilia maua, nifanyeje?

MamaGhorofani: Habari wapendwa. Nipo ghorofa ya tatu, Kariakoo. Balkoni inatazama magharibi, jua la mchana linapiga hadi linapozama. Nimepanda giligilani kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Ilipofika kimo cha kiganja ikarefusha shingo, majani yakawa membamba kama nyuzi, sasa ina maua meupe. Nanaa iliyo pembeni yake imeshafika kwenye kamba ya nguo! Nimekosea wapi?

Bustani_Kopo: Hujakosea dada, ni joto. Ikiunguzwa inawahi kuzaa. Itafutie jua la asubuhi tu. Mbegu za dukani zisugue kwa chupa zipasuke vipande viwili, loweka usiku kucha, kisha zipande palepale zitakapokulia. Mzizi wake ni mrefu, haupendi kuhamishwa. Mimi naotesha kopo jipya kila wiki mbili, sisubiri la kwanza liishe.

Dania254: Huku Nairobi baridi inatusaidia. Usiing'oe lakini! Zile mbegu za kijani zitwange na pilipili na ndimu, utakuja kunishukuru.

MamaGhorofani: Asanteni. Jua la asubuhi liko dirisha la jikoni, nitahamia kwenye makopo ya maziwa.

Bustani_Kopo: Yatoboe chini.

MamaGhorofani: Hii ndoo niliitoboa, na shangazi wa ghorofa ya pili ameshapanda juu mara mbili na shuka lake lenye madoa ya udongo.

Bustani_Kopo: Weka sinia bovu chini yake. Na mpelekee nanaa ya chai.