Tuhuma ya 2011 iliyoishia polisi tu, leo nimepata kazi shuleni. Cheti cha DBS (ukaguzi wa rekodi za polisi kabla ya ajira) kitaitoa?

boksi_mkongwe

Wakuu habari za humu, hasa nyie mlioko Uingereza. Naomba ushauri na naomba msinishambulie kabla hamjamaliza kusoma.

Mwaka 2011 nilikuwa nafanya kea, shifti za usiku, nyumba ya wazee. Asubuhi moja mzee mmoja mwenye usahaulifu akakutwa na michubuko mkono wa kulia, mwanae alipokuja akaiona akaita polisi. Usiku ule tulikuwa wawili zamu, mimi na dada mmoja ambaye alishaondoka nchini. Polisi wakanifuata nyumbani, nikakaa kituoni toka saa tatu asubuhi mpaka jioni, wakachukua alama za vidole na mate, nikahojiwa, nikaachiwa kwa dhamana, kazini nikasimamishwa. Kama miezi mitatu baadae ikaja barua kwamba hawaendelei na hatua yoyote. Hakuna kesi, hakuna onyo, hakuna mahakama. Kazini wakaniita nirudi, nikafanya miezi miwili nikaona watu wanaacha kuongea nikiingia jikoni, nikaacha mwenyewe. Toka hapo naendesha basi.

Sasa Jumamosi huwa nafundisha Kiswahili watoto wetu wa hapa mtaani, mzazi mmoja akaniambia shule anapofanya kazi wanatafuta wasaidizi wa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, nikaomba, nikafanya intavyuu, nimepata ofa. Wanataka DBS ile kubwa, ya wanaofanya kazi na watoto. Swali: kile cha 2011 kitatokea? Na kuna fomu nyingine wamenitumia inauliza kama "najulikana kwa polisi". Nimekaa na hiyo fomu siku nne. Jingine, mke wangu nimemuoa 2014, hajui hii habari, na bahasha za nyumbani huwa anafungua yeye.

kijana_wa_mwenge

Kausha mkuu. Hukufungwa, hukushtakiwa, uko safi. Jaza hapana twende kazi, hao jamaa hawana muda wa kufukua makaratasi ya 2011.

hr_wa_mashuleni

Huyo wa juu asikupoteze. Mimi nipo ofisi ya ajira kwenye shule huku, naona vyeti hivi kila wiki.

Iko hivi. DBS ndogo na ya kati zinaonyesha hukumu na maonyo ya polisi tu, basi. Ile kubwa ina kiboksi cha ziada ambacho polisi wa eneo ulilowahi kuishi wanaweza kuandika chochote walichonacho ambacho wanaamini kwa msingi wa maana kinahusiana na kazi unayoomba na kwamba kinastahili kuonyeshwa. Ipo kwenye sheria ya polisi ya 1997, ikakazwa kidogo 2012. Haihitaji uwe umehukumiwa, haihitaji hata uwe umeshtakiwa, na kuna watu walishtakiwa WAKAACHIWA HURU na mahakama na bado iliandikwa. Kuna kesi ya mwaka 2018 ilifika mpaka Mahakama ya Juu, jamaa dereva wa teksi aliyesomea ualimu, alishtakiwa ubakaji akaachiwa Januari 2011, miezi michache baadae anaomba kazi ya ukufunzi cheti kikatoka na maelezo yote ya tuhuma na kwamba aliachiwa. Akapinga ngazi zote, akashindwa. Majaji wenyewe walisema wana wasiwasi kwamba hakuna anayejua waajiri wanazifanyia nini habari za namna hii, ila rufaa wakaitupa.

Kwa hiyo jibu la "kitatokea?" ni: kinaweza, sio lazima. Wanaangalia uzito wa tuhuma, umri wake, umebadilika nini, na inahusiana vipi na kazi. Umri unakusaidia, ni zaidi ya miaka kumi na ilikuwa mara moja. Kinachokuumiza ni uhusiano. Ungekuwa unaomba kazi ya jikoni ni jambo jingine, ila mzee asiyeweza kujieleza na mtoto asiyeweza kujieleza, afisa anayesoma faili ataona ni kitu kimoja.

Hiyo fomu sasa. Mwongozo wa serikali wa usalama wa watoto mashuleni unaruhusu shule kuwauliza waliopita mchujo maswali hayo, kujulikana kwa polisi na ustawi wa jamii likiwemo. Usiandike hapana. Cheti kikija kisafi umedanganya na hakuna aliyejua, sawa, ila kikija na mistari sita hutafukuzwa kwa michubuko ya mzee, utafukuzwa kwa uongo, na hapo mimi HR sina cha kukutetea. Andika kifupi, mwaka, kazi gani, ulihojiwa, hakuna hatua iliyochukuliwa, barua unayo. Barua unayo?

mama_wawili_leicester

Kaka pole kwanza. Lakini mimi mwanangu wa pili yuko darasa kama hilo unaloenda. Ana miaka 9 na haongei. Akirudi na alama mkononi siwezi kumuuliza nani amemshika.

Mnasahau kwa nini hiki kiboksi kinachukuliwa kwa uzito. Soham, mji mdogo huku Uingereza, 2002, watoto wawili wa miaka 10, Holly Wells na Jessica Chapman, waliuawa na mtunza majengo wa shule ya sekondari ya pale. Huyo mtu alikuwa na tuhuma nane za makosa ya ngono huko eneo la Humberside kati ya 1995 na 1999. Hata moja haikuishia kwenye hukumu. Kila moja peke yake ilionekana haitoshi, ikafungwa, na aliyefungua inayofuata hakuona iliyopita, na alipoomba kazi shule aliomba kwa jina jingine akapita. Ripoti ya uchunguzi ilitoka 2004 na ndiyo iliyokaza mfumo huu mnaoulalamikia, pamoja na polisi kuwekewa kanzidata moja ya nchi nzima.

Sikufananishi na yule, Mungu apishe mbali. Nasema tu mimi mzazi nataka mwalimu mkuu ajue, kisha aamue akijua.

boksi_mkongwe

Dada yangu nimekuelewa na sina ugomvi na wewe, na mimi ni baba. Ila nisaidie hapa. Yule alikuwa na nane. Mimi nina moja, na hata hiyo moja mpaka leo sijui nini kilitokea. Yule mzee alikuwa anatumia dawa za kulainisha damu, ukimshika kumgeuza kitandani anavilia. Nilisema hivyo kituoni. Hakuna aliyeniambia kama walimuuliza daktari au la. Mtu aliyehukumiwa anajua kosa lake, ana tarehe, ana hukumu, na mengine ya kale yanachujwa yasionekane kwenye cheti. Mimi nisiyehukumiwa sina hata kitu cha kukikatia rufaa.

Barua ninayo @hr_wa_mashuleni, imekunjwa ndani ya pasi ya kusafiria ya zamani.

mama_wawili_leicester

Hapo kwenye dawa za damu umenigusa, mama yangu alikuwa hivyo hivyo, ukimfunga kifungo cha gauni anavilia. Lakini kaka, kama ni hivyo si useme? Mwalimu mkuu ni mtu.

ticha_magharibi

Mimi niko Kenya, mwalimu wa sekondari, nimesoma hii thread nikashangaa. Huku kwetu TSC, tume ya walimu, wanakutaka cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya polisi, ndio usajiliwe, unalipia kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, unaenda kupigwa vidole, unasubiri. Yale ya kunong'onezwa kwa staffroom hayako kwa hicho cheti. Kwa miaka mingi mwalimu akituhumiwa na msichana wa shule, chifu anaitwa, wazee wanaitwa, wazazi wanapewa kitu, mwalimu anahamishwa. Anaenda kuanza upya shule ya mbali akiwa na cheti kisafi kabisa. Sisi tuliwahi pokea mmoja, tukaambiwa amependa hali ya hewa. TSC walitoa waraka namba 3 wa 2010 kuhusu kulinda wanafunzi, na sasa wanachapisha majina ya waliofutwa kwa rejista, lakini huyo ni yule ambaye alishitakiwa nidhamu na akapatikana na hatia. Yule wa tuhuma iliyofia kwa chifu hayuko popote.

So bro naona uchungu wako lakini pia naona ile bahasha inafungua watu macho. Nikichagua kati ya system yenu na yetu, kama mwalimu nachagua yetu, kama mzazi nachagua yenu. Sijui hiyo inanifanya niwe nani.

niliyepitia

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu tu.

Mimi ni mwanamke, nilikuwa msimamizi wa watoto saa ya chakula cha mchana. Cheti changu kilikuja na aya moja ndefu kuhusu sosho (watu wa ustawi wa jamii) walivyokuja nyumbani miaka ya nyuma kwa ajili ya kijana wangu mkubwa. Hakuna aliyenishtaki kitu. Nilisoma ile aya nimesimama mlangoni nimevaa koti. Baadae nikajua kuna mama alishapita njia hii hii, kazi hiyo hiyo ya saa ya chakula, akaenda Mahakama ya Juu, uamuzi wa 2009. Yeye alishindwa, ila kesi yake ilibadilisha mambo, majaji walisema haki ya mtu ya maisha yake na usalama wa watoto viwekwe mizani sawa, usalama usianze mzani ukiwa umeshainama, na kama polisi wana mashaka wampe mtu nafasi ya kusema kabla hawajaandika.

Ndugu yangu, mambo niliyojifunza kwa machozi:

Cheti kinakuja kwako tu, hawatumi nakala shule, imekuwa hivyo toka 2013. Unakiona kwanza. Kama kuna uongo usikimbie kukionyesha na kulia, unalalamika ofisi ya DBS ndani ya miezi 3 toka tarehe ya cheti, wanawarudishia polisi, polisi wakikaza unaomba iende kwa msimamizi huru, na huyo ana nguvu ya kusema kitu kifutwe. Mimi kilifutwa nusu. Nusu iliyobaki mwalimu mkuu alinikalisha saa nzima, akaniuliza vizuri tu, akaandika tathmini yake, nikaanza kazi.

Ila wewe USISUBIRI cheti. Andika sasa hivi kwa polisi wa eneo lile la 2011 uombe kila walichonacho juu yako, ni haki yako, ni bure, wana mwezi mmoja. Omba na ACRO, ofisi ya kumbukumbu za polisi, kile cha kanzidata ya taifa. Vidole na DNA kwa mtu asiyeshtakiwa kwa kawaida vilifutwa baada ya ile sheria ya 2012, lakini maandishi ya kukamatwa wanakaa nayo mpaka ufikishe miaka 100, hujaelewa vibaya, mia. Unaweza kuomba yafutwe, sio wengi wanaokubaliwa, ila kuomba hakulipiwi. Soma walichoandika kabla mwalimu mkuu hajasoma.

hr_wa_mashuleni

Naongezea, kuna kitu kinawachanganya watu. Kile kiboksi cha polisi ni kimoja, orodha ya waliozuiwa kufanya kazi na watoto ni nyingine kabisa. Ungekuwa umewekwa kwenye orodha wangekuandikia zamani na kukupa nafasi ya kujitetea, kwa hiyo hilo lala usingizi. Na mwajiri wako wa zamani akiombwa referensi na shule, tuhuma ambayo haikuthibitishwa haitakiwi iandikwe mle, ndivyo mwongozo wa mashuleni unavyosema. Ndio ujinga wa mambo yetu, bosi aliyekuwepo haruhusiwi kuisema, polisi ambao hawakuwepo wanaruhusiwa.

Tena mwambie mkeo. Hilo sio la HR, ni la mtu mzima mwenzio.

kijana_wa_mwenge

Mi naona nilikurupuka pale juu. Nimejifunza.

boksi_mkongwe

Wakuu narudi, ni wiki ya tano sasa. Fomu nilijaza kama HR alivyosema, mistari minne. Shule wakasema asante, tunasubiri cheti, hawakuuliza zaidi. Polisi niliwaandikia, nikasahau kuwaambia watume kwa barua pepe, ikaja posta, na mnajua nyumbani nani anafungua posta.

Nimetoka zamu saa tano usiku nikamkuta kakaa mezani, kurasa zote kazipanga, miwani kavaa. Nikajua leo naenda kulala kwenye basi. Akaniambia kaa. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja akasoma kwa sauti: wameandika usiku ule mhudumu alikuwa MMOJA. Mimi peke yangu. Kwenye mahojiano yao wenyewe, ukurasa wa nne, nimemtaja yule dada mara mbili, ila kwenye muhtasari ambao ndio afisa wa polisi wa mambo ya DBS atausoma, hayupo.

Hasira zake zilikuja baadae, na bado zipo, hilo ni langu. Ila usiku ule aliniuliza tu, rota ya zamu ya mwaka ule utaipata wapi? Nikasema ile nyumba ya wazee ilishauzwa. Akanyanyuka akatoa sanduku la juu ya kabati ambalo sijalifungua toka tuhamie. Kuna hati za mishahara za 2011 zote, na kati yake kuna rota mbili nilizokuwa natunza kwa sababu walikuwa wananipunja masaa.

Ya wiki ile ipo. Majina mawili. Naituma wapi kwanza, polisi au DBS?

niliyepitia

Polisi, leo leo, kabla cheti hakijachapwa. Uandike unaomba kumbukumbu isahihishwe, uambatanishe rota na ule ukurasa wa nne. Tuma nakala, rota yenyewe ibaki nayo. Na umshukuru huyo mwanamke.