Kasuku anapiga mayowe nikitoka tu chumbani. Anataka nini huyu?

asiyelala:
Wakuu, naomba msaada kabla sijafukuzwa kwenye hili jengo. Nina kasuku wa kijivu niliyeachiwa na mjomba aliyehama, ndege wa makamo, dume (au ndivyo nilivyoambiwa). Nikiwa naye chumba kimoja hana neno. Anatafuna kijiti chake, anajisemesha, ananiinamishia kichwa nimkune shingo. Nikienda kuoga tu, anaanza. Haimbi wala haongei, ni mayowe matupu: "kraaaa" moja ndefu inayopanda mwishoni, anavuta pumzi, anarudia. Nikija mlangoni na povu masikioni kumfokea, ananyamaza papo hapo na kunitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikigeuza mgongo, anaanza upya.

Halafu kuna hili la jokofu. Letu hulia "pi-pi-pi" mlango ukiachwa wazi. Kasuku ameuiga mlio huo mpaka hatuwezi kutofautisha. Tunakimbia jikoni, tunakuta mlango umefungwa, tukirudi sebuleni yeye anachezesha kichwa.

Kukipambazuka na jua likizama, hata tukiwa wote tumekaa mbele yake, lazima apige kelele. Mke wangu anasema ni wivu. Mjomba kwenye simu anasema ni jeuri tu. Jirani wa chini hasemi kitu, anagonga dari kwa fagio. Nina rafiki anayeishi nchi nyingine, yuko tayari kumchukua. Hii tabia inarekebishika, au nimpeleke tu yaishe?

fundi_kimya:
Mfunike, mkuu. Shuka jeusi juu ya tundu, dakika moja tu kimya. Wa kwangu ndivyo tunavyoishi naye.

bibi_mluzi:
Mwanangu asiyelala, huyo wa shuka usimsikilize. Kitambaa ni cha usiku. Ukimfunika mchana kila anapolia humfundishi chochote, unamzimia taa tu, na utabaki unazunguka nyumba na shuka mkononi. Nimefuga kasuku tangu wanangu wakiwa wadogo, na sasa wajukuu ndio wanaopigiwa kelele, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Jibu lako limo kwenye hilo jokofu. Nyumba ina sauti nyingi: bomba, viti, ufagio wa jirani. Kwa nini kashika ile? Kwa sababu ikilia, watu wawili wanakuja mbio. Kasuku hushika upesi sauti zenye msisimko, na akishaona zinaleta watu, haziachi tena. Mayowe ya wakati wa kuoga ni habari hiyohiyo.

Porini kasuku wa kijivu haishi peke yake. Jioni hukusanyika kwa makundi makubwa kwenye miti mirefu, asubuhi hutawanyika kutafuta matunda na mbegu. Majani ni mengi, hawaonani, basi huitana: mimi niko hapa, wewe uko wapi? Asiyejibiwa hupandisha sauti, maana ndege aliyeachwa nyuma ni windo la mwewe. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu kasuku wadogo wa kijani wa Venezuela. Watafiti walirekodi sauti viotani, wakabadilisha mayai kati ya kiota na kiota, na ikaonekana kinda hujifunza mwito wake kwa wazazi wanaomlea, hata kama si waliomtaga. Yaani wanampa jina, na baadaye wanaitana kwa hayo majina. Viumbe wa namna hiyo ndio tunaowaweka kwenye tundu la sebuleni, kisha tunakwenda kuoga bila kuaga.

Anakuita, nawe unaitika. Mtu mwenye povu anayefoka mlangoni ni jibu zuri kabisa kwake. Kelele kwa kelele, ndivyo kundi linavyozungumza. Wivu na jeuri waachie binadamu.

Watakuambia umpuuze. Ni kweli nusu. Wengi hupuuza, ndege anapaza zaidi, wenye nyumba wanashindwa na kumkimbilia akiwa kwenye kilele. Hapo wamemfundisha kwamba sauti ya jana haikutosha. Na usimnyime jibu kabisa, kwa sababu haja yake ni ya kweli. Mbadilishie sauti. Chagua mluzi mfupi, noti mbili tu, unaoweza kuupiga hata ukiwa na mswaki mdomoni. Mpigie akiwa ametulia, akijibu mpe kitu anachokipenda hapohapo. Kisha piga ukiwa mlangoni, kisha chumba cha pili. Anza na safari fupi, urudi kabla hajaanza kulia. Akipiga mluzi, mjibu kila mara, hata ukiwa umechoka. Akipiga mayowe, usimtazame, usiseme neno, ngoja avute ile pumzi yake, na kwenye huo upenyo ndipo upige mluzi. Jokofu nalo, akiliiga, asimame mtu mmoja tu akaangalie polepole, kimya, bila kumtupia jicho.

Jiandae: mayowe yatazidi kwanza kabla ya kupungua. Anajaribu ufunguo wa zamani kwa nguvu zaidi. Mwambie jirani mapema, ili fagio lisimjibu kwa niaba yako.

Kelele za alfajiri na machweo ni jambo jingine, usizipige vita. Ndiyo saa ya kundi kuamka na kurudi, na hakuna mluzi utakaozifuta. Mpe nafasi: mnyunyizie maji, washa muziki, ongea naye kwa sauti, amalize.

Sasa nijibu. Tundu liko wapi usiku, na analala saa ngapi? Na chakula chake anakipata vipi?

Kuhusu rafiki wa nchi nyingine, simama hapo kwanza. Kasuku wa kijivu amewekwa kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini; hiyo ndiyo orodha ya wanaolindwa zaidi. Uamuzi ulipitishwa 2016 na ukaanza kutumika 2017. Kumvusha mpaka bila vibali ni kosa, hata kama ni zawadi.

asiyelala:
Shikamoo bibi. Tundu liko sebuleni, karibu na televisheni, na sisi tunalala saa sita usiku, wakati mwingine saa saba. Chakula ni bakuli la mbegu za alizeti, asubuhi tunalijaza. Mke wangu kaanza na mluzi, eti kajibiwa mara moja, sasa ananiringia. Nauliza jingine: tukimnunulia mwenzake si atatulia?

msaidizi_wa_mifugo:
Naongezea ya afya tu. Kelele zikianza ghafla kwa ndege aliyekuwa mtulivu, mpeleke kwa daktari anayejua ndege, si kila daktari wa mifugo anawajua. Ila ukimya hunitisha kuliko kelele. Ndege huficha ugonjwa mpaka wa mwisho: akivimbisha manyoya mchana kutwa, mkia ukapanda na kushuka kila anapopumua, akakaa chini ya tundu, usingoje kesho.

Alizeti pekee haifai. Ina mafuta mengi, kalsiamu kidogo, na vitamini A haimo ya kutosha. Kasuku wa kijivu hasa huathirika kalsiamu ikipungua, hutetemeka na hata kupata degedege. Mpe chakula cha vidonge kilichotengenezwa kwa kasuku, na mboga za majani, umhamishe taratibu. Parachichi asiguse kabisa. Na kwa kuwa jikoni kwenu ni karibu: kikaango kisichogandisha kikipitiliza moto hutoa moshi unaoua ndege kwa muda mfupi, hata akiwa chumba cha pili.

bibi_mluzi:
Marahaba, mwanangu. Basi mnaishi na ndege mwenye usingizi wa nusu. Anahitaji saa kumi hadi kumi na mbili za giza na utulivu. Usiku ahamie chumba kisicho na televisheni, na hapo ndipo shuka la fundi_kimya lina kazi, mradi hewa ipite.

Bakuli lililojaa analimaliza upesi, kisha siku nzima hana shughuli. Chakula mfungie kwenye karatasi, kisukume ndani ya gunzi au boksi, akipasue mwenyewe. Mdomo wenye kazi haupigi mayowe. Na mkune kichwa na shingo tu. Ukimpapasa mgongo na chini ya mbawa atakuona mchumba, na kasuku mwenye uchumba hupiga kelele na kuuma.

Mwenzake? La. Wakipendana, watakusahau wewe. Wasipopendana, utanunua tundu la pili. Mgeni lazima kwanza atengwe chumba cha peke yake wiki kadhaa na apimwe magonjwa, na jua likizama watalia wawili. Wewe hamisha tundu leo jioni, na mwambie mkeo asiache huo mluzi.